Homa ya uti wa mgongo kwa watoto: maswali ya wazazi wa Kigoma

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara kwenye wodi ya watoto, mengine yakiulizwa kwa sauti ya chini bibi wa mtoto akishatoka nje kufuata uji. Majibu yanahusu homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria na kumshika mtoto kwa ghafla, kuanzia kichanga hadi mwanafunzi wa shule ya msingi. Kama wako ana homa sasa hivi na amelegea, amegoma kunyonya, anatapika kila anachopewa au ametoka kwenye degedege, acha kusoma umpeleke kituoni. Ukurasa utaukuta.

Ni ugonjwa gani hasa?

Ubongo na uti wa mgongo vimefunikwa na utando, na ndani ya utando huo kuna maji masafi yanayozunguka muda wote. Bakteria wakiingia kwenye maji hayo, utando unavimba, usaha unaanza kujikusanya na presha ndani ya fuvu inapanda. Mara nyingi bakteria hao walikuwa wametulia puani au kooni, wakapenya kwenye damu, damu ikawafikisha huko. Mara nyingine wanatoka kwenye sikio la karibu lililokuwa likitoa usaha bila kutibiwa.

Virusi, fangasi na kifua kikuu navyo huleta homa ya uti wa mgongo. Ile ya virusi aghalabu hupoa. Ya kifua kikuu hunyemelea kwa siku nyingi, hata wiki kadhaa, mtoto akipungua uzito na kukosa raha. Ya bakteria haina subira: mtoto aliyekuwa anacheza asubuhi anaweza kuwa hana fahamu usiku. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila watu 6 wanaoipata mmoja hufariki, na katika kila 5 mmoja hubaki na madhara makubwa.

Wanatoka wapi bakteria wenyewe?

Inategemea umri. Kichanga wa chini ya mwezi mmoja huwapata zaidi kwenye njia ya uzazi wakati wa kuzaliwa, au kwenye mikono na vifaa visivyo safi baada ya hapo: streptokokasi wa kundi B, E. koli, Klebsiela. Akishavuka umri huo wanaotawala ni watatu: nimokokasi (yuleyule wa kichomi), Hib (kifupi cha Haemophilus influenzae aina ya b) na meningokokasi. Huyu wa mwisho ndiye anayeleta milipuko mikubwa kwenye ukanda unaoanzia Senegali hadi Ethiopia.

Mtoto wangu hawezi kusema kichwa kinamuuma. Nitajuaje?

Kwa mtoto wa kuanzia miaka miwili au mitatu dalili ni zile zinazotajwa sana: homa kali, kichwa, kutapika, shingo kukakamaa, kuchukia mwanga, kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida. Shingo unaweza kuipima mwenyewe. Mwambie ainamishe kichwa atazame kitovu chake, au mwonyeshe kitu chini ya kidevu akifuate. Mtoto mzima atainama bila shida. Mwenye ugonjwa atageuza kiwiliwili chote, atapanua mdomo kwa maumivu, au ukimlaza chali na kumwinua kichwa mabega nayo yatakuja juu kwa pamoja.

Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja usiisubiri shingo. Anaweza kuwa hoi kabisa na shingo yake ikawa laini. Tazama haya:

- Ananyonya kidogo kisha anaacha, au hataki kabisa titi.
- Amelegea, unamnyanyua mikono inaning'inia. Au kinyume chake, hashikiki.
- Analia sauti nyembamba, kali, isiyo ile uliyoizoea. Akina mama huijua hii kabla ya daktari.
- Ukimbeba analia zaidi, ukimlaza ananyamaza. Mtoto wa kawaida hufanya kinyume.
- Ana homa, au mwili umekuwa wa baridi. Kichanga mwenye maambukizi makali anaweza kupoa badala ya kuchemka, na hapo ndipo wazazi wengi hudanganyika.
- Macho yanakodoa sehemu moja, midomo inatafunatafuna hewa, mkono mmoja unarukaruka. Hilo nalo ni degedege, hata kama mwili mzima hautikisiki.

Kisha utosi. Mkalishe mtoto au mshike wima, akiwa ametulia. Pitisha vidole viwili taratibu katikati ya kichwa, mbele kidogo. Utosi wa kawaida uko tambarare au umebonyea kidogo, na unaweza kuhisi mapigo. Ukiwa umetutumka na kukaza wakati mtoto halii na yuko wima, presha ndani imepanda. Ukiwa umezama sana, mara nyingi mtoto amepungukiwa maji. Mtoto anayelia utosi wake huinuka hata akiwa mzima, kwa hiyo usipime katikati ya kilio. Na kwa wengi utosi hufunga kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu, baada ya hapo kipimo hiki hakipo tena.

Dalili moja zaidi, ya kukimbia nayo: madoa madogo mekundu au ya zambarau yasiyofifia ukiyakandamiza kwa glasi. Kwenye ngozi zetu nyeusi hayaonekani upesi, kwa hiyo tazama viganja, nyayo, ndani ya kope la chini na juu ya kaakaa. Hayo ni ya meningokokasi aliyesambaa kwenye damu, na saa moja hapo ni nyingi.

Tumepima malaria, kipimo kimesoma chanya. Si basi ni malaria?

Swali hili lina uzito kuliko yote hapa, na katika mkoa wetu ndilo linalochelewesha watoto.

Malaria kali ya kichwani na homa ya uti wa mgongo zinafanana mno: homa, kutapika, degedege, kupoteza fahamu. Hata daktari mzoefu hawezi kuzitenganisha kwa macho. Na Kigoma vimelea vya malaria vimejaa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 uliwakuta karibu watoto 24 katika kila 100 wa chini ya miaka 5 wa mkoa huu wakiwa navyo. Wengi wa hao walikuwa nyumbani wanacheza. Maana yake ni kwamba mtoto anaweza kuwa na vimelea kwenye damu siku ileile ambayo bakteria wako kwenye ubongo. Kipimo cha haraka kinajibu swali moja tu, kama ana malaria. Hakiwezi kukuambia kwamba hana kingine.

Ndiyo maana ukimwona daktari anaandika sindano ya malaria ya atesuneti na antibayotiki ya mshipa kwa wakati mmoja, usidhani anabahatisha. Mtoto asiye na fahamu vizuri anatibiwa yote mawili mpaka majibu ya maji ya mgongo yatoke. Ninachokiogopa ni kinyume chake: mtoto amepata degedege, kipimo kimesoma chanya, karudishwa nyumbani na dawa ya mseto ya kumeza ambayo anaitapika yote. Mzazi, hapo una haki ya kugoma kuondoka. Sema wazi: "Hanyonyi, anatapika kila kitu, na ameshapata degedege." Hizo ni dalili za hatari, na kila mtoa huduma amefundishwa kwamba mtoto mwenye mojawapo halali nyumbani.

Kuna pia mtoto aliyeanza dawa ya malaria kwa usahihi, siku mbili zimepita, homa iko palepale na sasa hata kukaa hawezi. Mrudishe. Usisubiri dozi iishe.

Degedege si mambo ya kienyeji? Bibi yake anasema sindano itamuua.

Bibi anasema hivyo kwa sababu amewaona watoto wakichomwa sindano na kufa. Waliletwa wakiwa wameshachelewa, baada ya kufukizwa moshi, kuchanjwa chale na kupakwa dawa utosini, na sindano ikawa kitu cha mwisho walichofanyiwa. Simlaumu. Lakini degedege ni ubongo unaolalamika, ama kwa homa, ama malaria, ama sukari kushuka, ama ugonjwa huu tunaouzungumzia.

Likimshika: mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumwumiza, legeza nguo, tazama saa. Usimwekee kijiko wala kidole mdomoni. Usimnyweshe chochote, na mafuta ya taa yasikaribie pua yake. Degedege la homa tu lipo, huwapata watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, huisha ndani ya dakika chache na mtoto huamka akawa yuleyule. Aliye chini ya miezi 6, au lililopita dakika 15, au lililojirudia siku hiyohiyo, au mtoto asiyerudi kwenye hali yake baada ya hapo, huyo atafutwe homa ya uti wa mgongo mpaka ithibitike kwamba haipo.

Ukitaka kumwombea, mwombee njiani.

Kwa nini mnamchoma sindano ya mgongo? Nimesikia mtoto hupooza.

Nimewaona akina baba wakisaini kila karatasi bila kusoma, ikifika hii wanaomba kwanza wapige simu kijijini. Acha nieleze inavyofanyika, maana kisichoonekana ndicho kinachotisha.

Mtoto analazwa ubavu ukingoni mwa kitanda, au anakalishwa. Nesi anamkunja kwa upole, magoti yaje tumboni na kidevu kifuani, ili mifupa ya kiunoni iachane. Daktari anavaa glavu safi, anasafisha ngozi, anapapasa nafasi kati ya pingili mbili za kiunoni, karibu na usawa wa ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, kisha anaingiza sindano nyembamba. Yanadondoka matone machache kwenye vichupa viwili au vitatu, sindano inatoka, plasta inabandikwa. Mtoto analia zaidi kwa kukunjwa kuliko kwa kuchomwa.

Uti wa mgongo wenyewe umeshaishia juu ya mahali hapo. Chini yake kuna maji na nyuzi za neva zinazoelea na kuikwepa sindano. Ndiyo sababu panachaguliwa pale, na kwa vichanga huchomwa chini zaidi kwa kuwa uti wao unashuka kidogo. Maji yanayotolewa mwili unayatengeneza upya siku hiyohiyo. Mtoto aliyebaki amepooza baada ya homa ya uti wa mgongo amepoozeshwa na ugonjwa, na kwa kuwa karibu kila mgonjwa wa namna hiyo alichomwa, watu wameunganisha viwili hivyo.

Maji ya mtoto mzima ni angavu. Ya mgonjwa mara nyingi yana ukungu, kama maji ya kuoshea mchele, na daktari anaweza kukuonyesha palepale. Maabara watahesabu chembe nyeupe, watapima sukari ambayo bakteria huishusha na protini ambayo hupanda, na wakiweza wataotesha bakteria wajue ni nani na anauawa na dawa gani. Bila kipimo hiki hatujui kama ni bakteria, wala tutibu siku ngapi.

Kuna nyakati daktari mwenyewe huahirisha: presha ya ubongo ikionekana imepanda sana, kupumua kukiwa kwa shida, au ngozi ya mahali pa kuchoma ikiwa na maambukizi. Dawa haisubiri. Antibayotiki inaanza, kipimo kinafuata.

Nilishampa amoksilini ya duka la dawa. Nimeharibu?

Hutafukuzwa kwa kusema, na ukificha unatupa kazi. Dozi ndogo ya kumeza haifiki kwenye ubongo kwa nguvu ya kutosha kuua bakteria wote. Inawapunguza kidogo, homa inashuka siku moja, ugonjwa unaendelea chini kwa chini. Tena maabara inaweza kushindwa kuwaotesha. Njoo na kopo au karatasi ya dawa.

Tuko mbali. Tufanye nini njiani?

Nawafikiria zaidi walio mwambao wa kusini, Buhingu na Kalya, wanaotegemea boti na hali ya ziwa. Lakini hata Kakonko au ndani ya Uvinza barabara ya masika inaijua kila mtu.

Pitieni kwanza zahanati ya karibu, hata kama mnajua mtapewa rufaa. Zahanati inaweza kumpa sindano ya kwanza ya antibayotiki, ya malaria pia, na kumlinda na kushuka kwa sukari kabla hamjaondoka. Kwa safari ndefu, sindano hiyo moja ina thamani kuliko mwendo wa gari. Ulizeni: "Amepata dozi ya kwanza? Imeandikwa saa ngapi?" Msiondoke bila karatasi ya rufaa yenye jina la dawa na saa.

Njiani, kama anameza vizuri endelea kumnyonyesha. Kama hana fahamu usimpe kitu mdomoni. Mlaze ubavu ili akitapika asipaliwe. Usimfunge mgongoni kwa kitenge akiwa amelegea, shingo inaning'inia na hewa inabanwa. Mpakate. Kwa kichanga wa siku 28 kushuka chini kuna mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, piga 115 bila malipo.

Siku ya tatu ameshachangamka. Kwa nini msituruhusu?

Kwa sababu kuchangamka kunatangulia kupona. Mtoto mkubwa kidogo hupewa seftriaksoni kwa kawaida siku 7 hadi 10. Kichanga huanzishiwa ampisilini na jentamisini au dawa nyingine za kundi hilo, na anaweza kufika wiki 3. Mkiondoka siku ya nne kwa sababu shamba linaliwa na ngedere (nalijua hilo, na si dogo), ugonjwa unaweza kurudi ukiwa na nguvu zaidi. Ongeeni na nesi mapema; mara nyingine ndugu mwingine anaweza kubaki na mtoto, mradi anayenyonya asitengwe na mama yake.

Gharama?

Sera ya afya inawasamehe malipo watoto wa chini ya miaka 5 kwenye vituo vya serikali. Kiuhalisia dawa au mirija inaweza kuisha na mkaambiwa mkanunue nje. Ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kuuza mbuzi.

Wadogo zake wanalala kitanda kimoja. Wataambukizwa?

Bakteria hupita kwa mate na matone ya kukohoa na kupiga chafya, kwa watu wanaokaa karibu sana na kwa muda. Kusalimia mgonjwa au kupita wodini hakutoshi. Wengi wanaowapokea hubaki nao kooni bila kuugua.

Ikiwa ni meningokokasi, wanaoishi nyumba moja na mgonjwa wapewe dawa ya kinga upesi, ikiwezekana ndani ya saa 24: rifampisini, siprofloksasini au sindano moja ya seftriaksoni, kulingana na umri. Kwa Hib, kinga hutolewa pale penye watoto wadogo ambao hawajakamilisha chanjo. Kwa nimokokasi haihitajiki. Anayepata homa ndani ya siku 10 aletwe. Msigawane dawa ya mgonjwa nyumbani, na shule haihitaji kufungwa kwa sababu ya mtoto mmoja.

Chanjo inazuia?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Pentavalenti, ambayo ndani yake mna kinga ya Hib, ilianza Tanzania mwaka 2009; ya nimokokasi, ambayo wengi wanaiita ya kichomi, ikafuata mwanzoni mwa 2013. Zote hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ile ya BCG ya bega la kulia, inayotolewa baada ya kuzaliwa, humkinga mtoto na homa ya uti wa mgongo ya kifua kikuu. Ya meningokokasi haimo kwenye ratiba ya kawaida ya watoto wetu. Ujiji wanaijua zaidi kwa sababu anayekwenda Hija lazima achanjwe.

Aliyekosa dozi haanzi upya wala hafukuzwi. Nenda na kadi ya kliniki, ataendelea alipoachia. Kama kadi imepotea, nenda hivyohivyo.

Nani yuko hatarini zaidi?

Vichanga, hasa njiti na waliozaliwa baada ya chupa kupasuka muda mrefu au mama akiwa na homa. Watoto wenye selimundu, ambao wengu wao umechoka na hauwezi kuwazuia nimokokasi; hawa wana penisilini ya kila siku hadi miaka 5, na kuikatiza ni hatari. Wenye VVU. Wenye utapiamlo. Wenye masikio yanayotoa usaha, ambayo watu huyachukulia kama kitu cha kawaida cha utotoni.

Amepona. Kuna la kufuatilia?

Masikio kwanza. Kupoteza usikivu ndilo dhara linalojitokeza sana, na halionekani kwa mtoto ambaye bado haongei. Omba apimwe usikivu kabla ya kuruhusiwa au ndani ya wiki nne. Nyumbani, simama nyuma yake asikuone, gonga sufuria kwa kijiko. Asipogeuka mara kadhaa, usiambiwe ana kiburi.

Tazama pia kama anarudi kwenye alichokuwa anakiweza: kukaa, kutambaa, kushika kikombe. Wengine hurudi nyuma kisha wakapanda tena kwa mazoezi, wengine hubaki na kifafa kinachohitaji dawa ya kila siku. Kwa mtoto mdogo, mpime mzunguko wa kichwa kliniki kila mwezi. Kichwa kikikua haraka, utosi ukiwa umejaa na macho yakitazama chini, njia ya maji ya ubongo imeziba. Hilo hufanyiwa upasuaji, na rufaa kutoka Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu, inaweza kumpeleka hospitali ya Bugando, Mwanza, au MOI, taasisi ya mifupa na ubongo ya Muhimbili, Dar es Salaam. Mapema ni bora.

Karatasi ya kuruhusiwa iweke pamoja na kadi ya kliniki. Siku ya kumwandikisha darasa la kwanza, mwonyeshe mwalimu, umwambie mtoto hasikii vizuri sikio gani, ili akae upande unaofaa, mbele.